Rangi ya Kutu

Hadi leo siwezi kuingia nyumba ya watu nikakaa kama mgeni wa kawaida. Kabla sijaonyeshwa kiti, macho yangu yameshaona pale ukutani ambapo mtu alitoboa, akaziba kwa haraka, akapuliza rangi nyeupe inayong'aa juu ya nyeupe iliyofifia, kisha akajiambia kazi imekwisha. Haijaisha. Ninaiona nikinywa chai, ninaiona nikifumba macho kusali kabla ya chakula. Watoto wangu wamenikataza kusema lolote, kwa hiyo ninanyamaza, ingawa wenyewe wanakujua kunyamaza kwangu.

Ugonjwa huu niliambukizwa na mtu mmoja. Alikuwa fundi wangu. Nilifanya naye kazi Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, miaka ile kampuni ya migodi ilipokuwa ikianguka na majirani wakaanza kufukuzana.

Tulikuwa watu wa mkandarasi mdogo aliyetengeneza nyumba za kampuni kule Dilala. Zamani zile, kabla mambo hayajaharibika, nyumba ikihamwa ilipakwa rangi yote, ndani na nje, mlango wa kijani na kuta za rangi ya maziwa. Kampuni ilipoanza kukosa hata sabuni ya wafanyakazi, mkandarasi akaambiwa asipake tena nyumba nzima, aguse tu palipochubuka. Kazi hiyo tuliiita retushi. Ndoo na brashi vikabaki stoo, nasi tukatembea na makopo ya rangi ya kupuliza. Kwetu kopo hilo linaitwa bombe, neno la Kifaransa ambalo pia ni bomu, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba jina lenyewe lina ubaya wowote.

Mimi sikuajiriwa kupaka. Niliajiriwa kufagia nyuma ya wapakaji na kusugua sakafu. Siku moja nilisimama na ufagio wangu nikamwambia fundi kwamba kiraka chake cha karibu na dirisha kinaonekana ukisimama mlangoni. Wenzake walicheka. Yeye akaja mlangoni, akasimama niliposimama, akatazama muda mrefu, akarudi kukisugua kwa msasa. Kesho yake akanipa kopo mkononi. Sijui wanawake wangapi Kolwezi walikuwa wakishika bombe wakati ule. Nadhani nilikuwa peke yangu, na nilijivuna sana, jambo ambalo lilikuja kunigharimu.

Alinifundisha kwanza kutoamini kifuniko. Rangi ya kifuniko ni ahadi tu, alisema, na rangi ikikauka inakuwa nyingine kabisa, kwa hiyo pulizia kwanza kwenye kartoni, subiri ikauke, ndipo uilete karibu na mlango uone kama zinafanana. Makopo mengi yalikuwa yameandikwa kwamba ni ya kazi zote, mbao, chuma, ukuta, plastiki. Maandishi hayo yalimchekesha.

“Banasema kazi zote,” aliniambia. “Mi naonaka inafanya muzuri kazi mbili, tatu. Zingine inabahatisha tu.”

Alinifundisha kutikisa kopo hadi ile gololi ya ndani igonge kwa sauti safi, na mkono ukichoka, kutikisa tena. Kuanza kupuliza pembeni, mkono ukiwa tayari unatembea, kisha kupita juu ya mahali bila kusimama, kama mtu anayefuta meza. Kupaka nyembamba, kusubiri, kupaka nyembamba tena, kwa sababu ukimwaga nene juu ya rangi ya zamani inajikunja kama utando wa maziwa ya moto. Wapakaji wengine walibandika gazeti ukutani kuzunguka kiraka. Yeye alilishika mbali kidogo na ukuta, ili ukingo wa rangi ufifie polepole wala usiache mstari. Mwisho wa kazi aligeuza kopo kichwa chini na kupuliza mpaka itoke hewa tupu, tundu lisizibe.

Na kila nilipomaliza kiraka nikarudi nyuma kukitazama kwa furaha, alinitania.

“Mama, unangojea nani akusifu? Kama muntu anapita anasema ‘umepaka muzuri’, pale njo umekosa.”

Nilicheka, lakini moyoni sikukubaliana naye. Nani asiyependa kusifiwa kwa kazi ya mikono yake?

Mke wake alifariki mwaka mmoja kabla ya fujo, kwa ugonjwa wa kifua. Rafiki yake wa karakana alimchomelea msalaba wa bomba la chuma, wenye kibati kidogo cha jina. Kiolezo cha herufi fundi alikikata mwenyewe kwa wembe, kwenye picha ya mapafu ya mke wake, ile ya mwisho kupigwa hospitalini. Alisema plastiki ya picha zile haivimbi ikilowa rangi. Ilikuwa kweli, nami sikumuuliza zaidi. Ukikiinua kwenye mwanga uliona mbavu, na kati ya mbavu jina lake.

Kisha yakaja yale yaliyokuja. Wazazi wa fundi walitoka mkoa wa Kasai, ingawa yeye alizaliwa hapo hapo Kolwezi, akasoma hapo, akaoa hapo, akazika hapo. Mimi watu wangu ni wa kaskazini mwa Katanga. Lugha zetu za nyumbani zinakaribiana kiasi kwamba kazini tulikuwa tukichekeana kwa namna kila mmoja anavyotamka jina la muhogo. Ghafla tukaambiwa kwamba yeye ni mgeni na mimi ni mwenyeji. Vijana walipita barabarani wakiimba, na mdogo wangu wa tumbo moja aliimba nao. Ninaandika hili kwa sababu ni kweli, na bado linaniuma.

Familia zilitolewa nyumbani moja moja. Wengi walikwenda kulala kwenye madarasa na kwenye uwanja wa stesheni, wakisubiri treni ya Kasai ambayo ilikuja ilipotaka. Fundi na watoto wake walipewa siku chache. Sisi mkandarasi alitutuma kufanya retushi kwenye nyumba za waliokwisha kuondoka, na kwa siku mbili fundi alipaka milango ya watu wa kwao ili wengine waingie. Siku ya tatu aliweka kopo chini na kuniambia kwamba hana haja na kitu chochote Kolwezi isipokuwa kimoja.

“Batoto yangu batarudia siku moja,” alisema. “Barudie, bakute mama yabo. Bintu bingine, bale banatufukuza baache babebe.”

Tatizo lilikuwa wezi wa chuma. Kampuni ilipokuwa ikianguka watu walianza kung'oa kila kinachoweza kuuzwa. Nyaya zilitoka kwanza, kisha mageti, kisha vifuniko vya mitaro, na mwishowe wakafika makaburini. Msalaba wenye ndugu wa kuutazama ulikuwa na nafasi ya kubaki. Msalaba ambao wenyewe wamepakiwa kwenye treni ulikuwa bomba tu. Na kaburi lisilo na msalaba, kwenye udongo ule mwekundu, mvua mbili tatu linakuwa ardhi.

Tulikwenda kwa mfanyabiashara mmoja wa soko la Manika, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka mashariki, aliyekuwa akileta bidhaa kutoka upande wa Zambia. Rafu zake zilikuwa karibu tupu. Zilibaki bombe za aina mbili. Moja ilikuwa ya rangi ya fedha, na nyingine ilikuwa ile ya kuzuia kutu, nyekundu ya kahawia, isiyong'aa, ambayo wapakaji hutanguliza chini ya rangi nyingine. Mimi mkono wangu ulikwenda kwenye ya fedha kabla sijafikiri. Fundi alichukua ile nyingine, akaitikisa karibu na sikio, akageuza kopo kutazama kama kitako kimeliwa na kutu.

“Tata, hii ni rangi ya chini,” nilimwambia, kama mtu anavyomwita baba yake. “Haina sura. Utamupaka mama rangi ya kutu?”

“Njo ile nataka. Mwizi akiona kutu anapita. Anasema bomba imekwisha kuoza. Na ndani ya kutu ya uongo, kutu ya kweli haingii.”

Mfanyabiashara alisikiliza yote hayo. Alifunga kopo kwenye gazeti na kukataa kupokea chochote, akasema tu kwamba safari iwe njema.

Njiani kwenda makaburini kulikuwa na kizuizi, mapipa mawili na mti juu yake, na kati ya vijana waliosimama hapo alikuwamo mdogo wangu. Mwenzake mmoja alitaka kujua nina nini kwenye mfuko. Nikajibu kama ninavyojibu kila siku ya kazi.

“Bombe.”

Walirudi nyuma wote. Mmoja aliinua panga. Fundi aliangalia chini, na nikaelewa nilichosema na nilikisema wapi. Basi hasira ikanipanda, ile hasira ya dada mkubwa, nikatoa kopo kwenye gazeti, nikalitikisa hadi gololi igonge, nikapulizia pipa lao kiraka cha kahawia. Mdogo wangu ndiye aliyecheka kwanza, kisha wengine. Kisha akamtazama fundi na kuniuliza mimi dada yake, yaya wake, bila kicheko:

“Na ule, yaya, ni wa kwetu?”

“Ni fundi wangu,” nilimjibu.

Akainua mti tukapita. Jibu hilo limekaa nami miaka yote hii. Lilimpitisha, na halikuwa uongo. Lakini lilikuwa jibu la mtu anayeomba ruhusa, na ningeweza kusema ndiyo, ni wa kwetu.

Makaburini fundi hakuniruhusu kugusa kopo. Alisugua bomba lote kwa msasa, akalifuta kwa kitambaa, akashika gazeti nyuma yake kuzuia upepo, akapita tabaka nyembamba tatu, akisubiri kati yake kama vile hakukuwa na treni. Jina alilipuliza kwa mabaki ya bombe nyeusi, kwa umbali, kidogo sana, hata ikawa huwezi kulisoma mpaka uiname. Alipomaliza nilirudi nyuma kutazama. Msalaba ulionekana umeachwa zamani. Ulikuwa mbaya kabisa, na sikuwahi kuona retushi nzuri kama ile.

Akanipa kiolezo kwenye bahasha yake ya hospitali.

“Weye utabakia,” alisema. “Palilia tu. Rangi usiguse mpaka batoto barudie.”

Nilimwahidi. Siku tatu baadaye treni ikaja ikawachukua, na nilipofika stesheni na chakula nilichowapikia, uwanja ulikuwa umejaa watu wengine.

Nilishika ahadi yangu miezi mingi. Nilipalilia, nilifagia, sikugusa. Kisha ikafika siku ya pili ya Novemba, siku ya marehemu, ambapo kwetu Wakatoliki wote hutoka na majembe, maji na chokaa kusafisha makaburi ya watu wao. Nilikwenda kwa mama yangu mzazi kwanza. Nilipofika kwa mke wa fundi nikawakuta wanawake watatu wa kaburi la jirani wamekaa kupumzika. Mmoja aliutazama msalaba, akatikisa kichwa.

“Huyu maskini,” alisema, “hana muntu hata moja.”

Hakuwa na nia mbaya. Lakini maneno yake yalinichoma, kwa sababu mtu alikuwa naye, mtu huyo ni mimi, na nilikuwa nimesimama pale na jembe langu. Nilijiambia kwamba vijana wametulia, kwamba wezi wana vitu vingine vya kuiba, kwamba fundi mwenyewe angekuwepo asingekubali mke wake adharauliwe siku kama ile. Mtu akitaka kukosea, sababu hazimpungukii. Nilikwenda Manika kwa yule mfanyabiashara na kurudi na bombe ya fedha na nyeusi, na kiolezo kutoka nyumbani.

Nilipaka vizuri. Lazima niseme. Nilisugua, nikatikisa, nikapita nyembamba mara nne, na jina nikaliandika upya kwa kiolezo, jeusi, linalosomeka kutoka njiani. Jua lilipougusa ule msalaba, safu nzima ya makaburi ilionekana kuukuu. Wale wanawake walisimama kuutazama.

“Mama, umepaka muzuri,” walisema, na mimi nikashukuru.

Jumapili iliyofuata palikuwa na shimo. Hawakuvunja chochote, waling'oa tu kama mtu anayeng'oa muhogo. Misalaba ya kushoto na kulia, iliyokuwa na kutu ya kweli, ilisimama mahali pake. Nilipiga magoti nikaingiza mkono wangu kwenye lile shimo mpaka kwenye kiwiko. Sijui nilikuwa nikitafuta nini. Nililia pale kwa sauti, na waliopita walidhani nimefiwa.

Nilifukia shimo, nikazungushia matofali ya kuchoma nusu nusu, ambayo hakuna anayeyataka. Tangu siku hiyo nilikwenda kila mwezi, mvua au vumbi. Matofali yalipozama niliongeza mengine. Nilijifunza mahali pale kwa miguu, kutoka njia kubwa, kutoka ukuta, kutoka kaburi la mama yangu, ili hata nikipofuka nifike. Kazi ya mkandarasi ilikufa, nikauza maandazi, nikauza mkaa. Nilimwogopa kila mgeni aliyebisha hodi, kwa sababu nilijua siku moja mmoja wao atauliza kuhusu msalaba.

Alikuja baada ya miaka mingi, kwa taksi ya pikipiki, mama mzima mwenye kilemba. Alikuwa binti yake wa kwanza. Alikuwa amepata kazi ya kupika kwenye kantini moja Fungurume, na alikuwa ametumia Jumapili mbili kutembea makaburini peke yake kabla ya kuuliza watu nyumba yangu.

“Natafuta musalaba wa rangi ya kutu,” aliniambia kabla hata hajakaa. “Tata alitufundisha mu treni. Kila asubuhi alituuliza, musalaba wa mama ni wa rangi gani? Tunajibu, rangi ya kutu. Iko mu mustari gani? Tunajibu. Lakini hakuna, mama. Nimeangalia yote.”

Nilichukua kitambaa changu tukaenda. Sikumwambia njiani, nilishindwa. Nilimfikisha, nikamwonyesha matofali, na pale pale nikamwambia yote, ile ahadi, wale wanawake, bombe ya fedha, hata sifa nilizopokea. Nilisema kwamba baba yake alinikataza na kwamba msalaba haukuibwa na wezi tu, uliibwa na kiburi changu. Nikamwomba amweleze baba yake, kwa kuwa mimi sina uso wa kumwandikia.

Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya udongo kati ya matofali. Akapangusa vumbi kwenye tofali moja, kisha jingine.

“Mama yangu eko na fasi,” alisema, akipapasa mahali pale. “Asante. Tata hana.”

Kisha akanisimulia, bila kuinua macho. Baba yake aliugua siku ya tano kwenye treni. Behewa lilikuwa limejaa mpaka watu wanalala kwa zamu. Alikufa kabla ya kufika, na treni iliposimama porini waliambiwa washushe maiti zao upesi. Walichimba kwa sahani na kwa mikono, yeye na wadogo zake. Treni ilipiga honi hawajamaliza. Waliweka majani juu yake wakakimbia kupanda.

Nilikuwa nimeogopa hukumu ya mtu huyo miaka yote, na miaka yote alikuwa amelala kando ya reli. Nikamwendea binti yake. Nilimshika tu, naye akajiachia, tukakaa chini kwenye vumbi kama wanawake wawili wasio na kazi.

Jumapili iliyofuata alirudi na mfuko nusu wa saruji, nami nikaleta mwiko na ndoo. Tulikubaliana haraka kwamba hakutakuwa na chuma wala rangi. Tulimwaga saruji ndani ya matofali, nikailainisha, nikasubiri ishike kidogo, kisha nikaandika jina la mama yake kwa ncha ya msumari. Nilipomaliza aliniomba niandike la baba yake chini yake. Nikaandika.

“Na fasi alizikwa?” nilimuuliza. “Niandike wapi?”

Alifikiri. Alisema wamejaribu mara nyingi, yeye na wadogo zake, kukumbuka kama kulikuwa na mto, au kilima, au stesheni iliyopita kabla yake, na kila mmoja anakumbuka chake. Saruji ilikuwa ikianza kukauka pembeni.

“Andika asema eko hapa,” akasema.

Nikaandika kwamba yuko hapa.